Siku Kumi na Sita za Kumngoja Inzi

Nakato na Okello, mliorithi chumba changu cha wadudu, mliniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye mafaili. Nakato alisema kurasa tatu zitatosha. Okello alisema niandike kwa lugha ninayoitaka, maana yeye alikulia kambini kwa baba yake askari na Kiswahili atamsomea mwenzake. Basi naandika kwa Kiswahili, lugha niliyokuwa nikijisemea peke yangu katika chumba cha mwisho cha korido, nyakati zile ambazo mlidhani nazungumza kwenye simu.

Kuhusu vyeo sitasema neno. Mishahara mnaijua.

Nilizaliwa hapa Kampala katika nyumba ya watu ambao mababu zao walitoka pwani na vitambaa na misahafu, wakauza vile na kufundishia hii. Ndani tulisema Kiswahili. Nje nilisema Kiganda, kwa sababu Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi, na majirani wakikisikia walinyamaza kidogo, kama wanangoja kujua ni askari gani anapita. Nilizoea mapema kuwa na maneno ambayo siwezi kumpa kila mtu. Kwa hiyo nilipopewa chumba cha peke yangu kazini, sikushtuka kama ambavyo pengine ningepaswa.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana, nikiwa nimejiandaa kuulizwa maswali. Mzee Byaruhanga, mkuu wa chumba cha wadudu na mfanyakazi wake pekee, hakuniuliza lolote. Aliniwekea jani la maharage na kioo cha kukuzia, akaenda zake kunywa chai. Jani lilikuwa na mstari mweupe uliojipindapinda kana kwamba mtoto amepewa chaki. Nilimtafuta mdudu hadi saa sita mchana. Nilitazama juu, nilitazama chini, nikalitikisa jani. Mzee aliporudi nikamwambia kwamba hakuna kitu.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya maua ya Kenya, kule kwenye baridi, na alirudi na Kiswahili kizuri, ila r na l zilipotezana njiani. Akavuta kiti, akasema, "Usitafute mdudu. Soma balabala yake."

Hilo ndilo somo nililolipata, na mengine yote ni maelezo. Mnalijua, lakini nitaliandika kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Kuna inzi wadogo kuliko punje ya mtama ambao hutaga yai ndani ya jani. Buu akitoka kwenye yai hatafuni juu ya jani wala chini yake. Hula katikati, baina ya ngozi mbili, na ofisini tuliwaita wachimbaji. Barabara yake huanza nyembamba kama uzi na kupanuka kadiri anavyonenepa. Kinyesi hukiacha nyuma. Aina moja hukitupa kushoto na kulia kwa zamu kama mtu mwenye adabu, nyingine hukitupa ovyo. Akishashiba hupasua mlango wa nusu mwezi na kutoka, na hapo ndipo watu wengi hutuletea jani, mwenyewe akiwa ameshahama.

Akitoka hujigeuza kitu kigumu cha kahawia, mfano wa punje ya mchele iliyoungua. Vitabu vya shule hukiita pupa. Kiswahili kina mzaha wake: pupa ni haraka ya mtu mwenye tamaa, na pupa pia ni yule mdudu ambaye hawezi kuharakishwa na yeyote. Utangoja wiki mbili, pengine tatu, mpaka inzi atoke. Ndipo unapomjua, na hata hapo ni lazima upate dume, umpasue, na utazame viungo vyake vya uzazi kwenye hadubini, kwa sababu kwa sura wengi wao wanafanana. Nilimweleza shangazi yangu jambo hili mara moja, siku aliyouliza kwa nini siolewi na nashinda nafanya nini huko. Hakuuliza tena.

Makopo yetu ya kufugia yalitengenezwa Katwe, mtaa wa mafundi bati. Fundi alikata madebe ya mafuta ya kupikia, akatoboa tundu ubavuni, tukachomeka chupa ndogo ya kioo. Inzi akitoka gizani hufuata mwanga, anaingia mwenyewe chupani. Fundi alituuliza ni ya nini. Mzee akamwambia ni ya kufugia inzi. Fundi alimtazama, akasema kwamba Katwe hakuna haja ya kuwafuga. Makopo yale mnayatumia mpaka leo. Wekeni karatasi kavu chini, msifunge jani kwenye mfuko wa nailoni, litatoka jasho na kuoza, na mtajikuta mnafuga ukungu.

Mzee alipostaafu hawakuleta mwingine. Walisema watamleta mwaka ujao, na mwaka ujao nao ulikuwa na mwaka wake ujao. Nilibaki na hadubini mbili na viti viwili. Kwa muda nilikuwa nakifuta vumbi kiti chake, kisha nikaanza kuweka masanduku juu yake. Watu wa maabara ya udongo walinisalimia vizuri na kuniita Mama Inzi. Sampuli zilikuja kwa bahasha, majibu yalitoka kwa bahasha. Kuna wiki nilizofika Ijumaa nikagundua kuwa sauti yangu inakwaruza kwa kutotumika.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Mama Furaha.

Alibisha hodi mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, akiwa na majani yaliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichopigwa pasi na kucha zenye udongo. Aliniamkia kwa Kiganda cha kubahatisha. Nikamjibu kwa Kiswahili, nikaona mabega yake yanashuka. Aliniita Mama Agronomi, kama kwao wanavyowaita watu wa kilimo, na hakuacha kuniita hivyo.

Alikuwa amekodi kipande cha ardhi mteremkoni chini ya kilima cha Lubaga na kupanda maua ya kuuzia wapambaji wa makanisa na arusi. Wengine walipanda maua ya kawaida. Yeye alikuwa na lakispa, ua refu la milimani, mistari na mistari, na nyuma yake kivulini delfiniamu, ndugu yake mkubwa, mashina yanayonifika kifuani yamejaa maua ya buluu kuanzia chini hadi ncha. Aina zote mbili mama yake Mama Furaha aliziita mishumaa. Mbegu zilitoka kwenye bustani ya mama yake huyo, milimani, na zilivuka mpaka zimeshonewa kwenye pindo la nguo. Mimea hii hupenda baridi, na Kampala haina baridi ya kumpa mtu. Mama Furaha alizifunga mbegu kwenye kitambaa kibichi na kuziombea nafasi ya kulala wiki mbili kwenye friji ya jirani aliyeuza soda. Hakufundishwa na mtu. Alisema alikaa akafikiri ni kitu gani kwao kipo ambacho hapa hakipo.

Mmea wenyewe ni sumu, jani, shina na mbegu. Mbuzi wa mtaa walipita mbali nao, na hilo lilimfurahisha. Sasa kitu kilikuwa kinaula kutoka ndani.

Nilitandaza majani juu ya meza. Mengi yalikuwa na baka kubwa la kahawia lililoanzia ncha, ngozi imevimba kama malengelenge, na nilipoyaweka mbele ya taa nikaona mabuu wanne, watano, ndani ya baka moja, wanakula bega kwa bega. Sikuwahi kuwaona wakila hivyo. Wachimbaji niliowajua walikuwa kila mmoja na njia yake. Lakini katika majani mawili kulikuwa na mistari myembamba iliyojipinda kama nyoka, na mistari hiyo niliijua vizuri mno. Niliyagawa majani katika makopo matatu, nikaandika lebo, nikamwambia arudi baada ya wiki tatu.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa kitengo alikuja chumbani kwangu. Shehena ya maua ya shamba fulani ilikuwa imekataliwa ng'ambo kwa ajili ya wachimbaji, na wakubwa walitaka kila bustani yenye wadudu hao ijulikane na isafishwe. Alikuwa ameona jina la Mama Furaha kwenye daftari la sampuli. Alitaka jibu Ijumaa. Nilimwambia kwamba inzi hajatoka. Hakukasirika. Alikaa juu ya ukingo wa meza, akaniambia kwamba nchi nzima hakuna mtu anayewajua wadudu hawa kama mimi, na kwamba mtu wa uzoefu wangu akilitazama jani tu anajua.

Nimefikiri sana kwa nini nilisaini. Sikutishwa, wala sikuahidiwa kitu. Nadhani ni kwa sababu kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameketi chumbani mle na kuniambia kwamba najua kitu. Niliitazama ile mistari miwili ya nyoka, nikayapuuza mabaka, nikaandika kwamba ni wale wachimbaji wa hatari ambao wakionekana sheria inataka mimea yote ing'olewe na kuchomwa. Nilisaini Alhamisi, siku moja kabla ya ile niliyopewa.

Nilikwenda kushuhudia kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu. Walikuja maofisa wawili wa ukaguzi na vibarua watatu wenye majembe. Mama Furaha alisomewa barua. Binti yake Furaha, aliyekuwa bado shule, alisimama karibu naye akimtafsiria Kiingereza, ingawa nilikuwapo mimi niliyeweza kutafsiri na sikufungua kinywa. Mama Furaha hakupiga kelele. Aliniendea mimi, akawapita maofisa.

"Mama Agronomi, niachie mustari moja tu. Mbegu haijakomaa. Nikate mbegu, kisha muchome."

Nilimwambia kwamba amri inasema yote.

Waling'oa, wakarundika kwenye magunia, wakayaburuta hadi kona ya shamba, wakachoma. Nilimwambia asisimame upande wa moshi kwa kuwa mmea ule ni sumu. Huo ndio wema pekee niliomtendea siku ile.

Makopo yalibaki kwenye rafu. Hakuna aliyeniuliza habari zake, na mimi mwenyewe niliyapita asubuhi nikitazama pembeni. Siku ya kumi na sita tangu niyafunge majani niliona vitu vyeusi vinatembea ndani ya chupa. Wale tuliowaogopa wana doa la manjano mgongoni, huhitaji hata hadubini. Hawa walikuwa weusi wa kijivu, wote, katika makopo yote matatu. Nilipata madume manne. Nilikaa nao siku mbili na vitabu alivyoniachia Mzee. Walikuwa aina inayokula delfiniamu na jamaa zake wa karibu tu. Hawagusi waridi, hawagusi maharage, hawawezi kulidhuru shamba lolote la maua ya kusafirisha. Ile mistari ya nyoka ilikuwa mwanzo wa mabaka yale yale. Mabuu walikuwa wachanga, bado hawajakutana. Nilikuwa nimesoma barabara nusu.

Dawa yao ni vidole viwili. Unalichuma jani lenye baka kabla buu hajatoka, unalichoma hilo moja, basi.

Nataka mwelewe jinsi chumba kilivyokuwa kimya siku ile. Nje mtu alikuwa anafagia. Hakukuwa na mtu yeyote nchini, ninavyojua, ambaye angeweza kuitazama ile chupa na kujua kwamba nilikosea. Kama ningeimwaga kwenye sinki, kosa lingeondoka na maji. Niliifikiria sinki ile. Siwaandikii haya ili mnione mwema.

Badala yake nilikwenda hospitali ya Mulago, ambako nilijua Mzee Byaruhanga huenda kliniki ya macho kila mwezi. Nilimkuta kwenye benchi, katikati ya watu wanaongoja kuitwa, kofia yake juu ya goti. Alinitambua kwa sauti. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, na nadhani wale waliotuzunguka walidhani tunazungumzia mambo ya jeshi, maana walisogea kidogo. Aliniuliza ni nani mwingine anayejua. Nikamwambia hakuna.

Aliigeuza kofia juu ya goti. Kisha akasema, "Ungekuwa na mwenzako chumbani, yeye angekusema. Huna. Itabidi ujiseme mwenyewe."

Wakamwita jina lake, nikamshika mkono hadi mlangoni.

Niliandika barua ya kusahihisha. Mkuu wa kitengo aliisoma, akanishukuru kwa ukweli wangu, akaiingiza kwenye faili. Imo humo, mkitaka kuiona. Hakuna kilichofuata, kwa sababu barua ndani ya faili haimfikii mtu aliyechomewa shamba. Jumamosi nilikwenda Lubaga mwenyewe.

Mama Furaha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichambua mboga. Shamba lilikuwa tupu, kona moja nyeusi kwa majivu. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba mdudu wake hakuwa yule, kwamba ningengoja ningejua, kwamba hapakuwa na haja ya kuchoma hata shina moja.

"Ungengoja siku ngapi?" akauliza.

"Kumi na sita."

Alirudia hesabu hiyo polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akaniuliza kama ofisi imenituma. Nikasema hapana. Akauliza kama nimekuja na mtu. Nikasema hapana. Nilikuwa nimebeba chupa yenye inzi kwenye mkoba, akaomba kumwona. Alimtazama kwa kioo changu kwa muda mrefu, akanirudishia. Niliomba msamaha. Hakunijibu hilo, wala hakuwahi kunijibu katika miaka yote iliyofuata. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaniwekea mkononi.

"Basi lima," akasema.

Nililima nikiwa na sketi ya kazini na viatu vya kwendea mjini, mpaka jua likaanguka upande wa pili wa kilima. Jumamosi iliyofuata nilirudi na viatu vya mpira. Hatukuwa na mpango. Alikuwa ameanza kupanda maua ya kawaida kama wenzake, na kazi ilikuwa nyingi. Tulilima. Jumamosi ya tatu au ya nne ndipo aliponipa chai.

Baada ya miezi miwili, katika njia ambako vibarua waliburuta magunia, tuliona miche saba. Mbegu chache zilikuwa zimekomaa kabla ya zingine, zikadondoka pale, zikakanyagwa, na mvua ndefu za usiku zikazipa baridi kidogo. Mama Furaha alipiga magoti, akawekea kila mche kijiti pembeni ili tusiukanyage. Minne ilikufa. Mitatu ilitoa maua, yote lakispa. Delfiniamu haikurudi tena.

Na kwenye miche hiyo mitatu, Jumamosi moja, tulikuta baka la kahawia kwenye ncha ya jani. Niliduwaa. Kisha nikakumbuka kwamba pupa wengi hudondoka ardhini, baadhi hulala humo miezi mingi, na moto ule ulichoma juu tu. Nilimweleza. Mama Furaha alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mulichoma maua yote," akasema. "Huyu tu ndiye hamukumuchoma."

Akalichuma jani kwa vidole viwili.

Kutoka kwenye mitatu hiyo alipata mbegu, kutoka kwenye mbegu mstari, na baada ya miaka michache wapambaji wa Lubaga walikuwa wanakuja tena kuulizia mishumaa. Mimi nilikuwa nachuma majani yenye mabaka na kuyahesabu, maana mkono wa kazi haupumziki. Kwake nilisikia Kiswahili kisicho changu, chenye "bile" badala ya vile na "njo vile" badala ya ndivyo, na nilikizoea hadi nikajikuta nakitumia ofisini, peke yangu. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana sikukuu. Sijui alikuwa nani kwangu. Najua kwamba katika juma langu palikuwa na siku moja ambayo mtu alinitarajia.

Ofisini nilikuwa mtu mgumu. Tangu mwaka ule sikusaini jibu la mchimbaji yeyote kabla inzi hajatoka. Wakubwa watatu walikuja na kuondoka, na kila mmoja nilimweleza upya. Mmoja aliniandikia barua ya onyo, mwingine akaniambia kwamba nazeeka. Wote wawili walikuwa na haki kwa namna yao. Watu walipoteza mazao wakinisubiri, hilo nalo mlijue. Kungoja si jambo la bure, ila mwenye kungoja huweza kurudi nyuma.

Kisha mkaja ninyi wawili, katika mwaka wangu wa mwisho, na ikabidi niyatoe masanduku kwenye kiti cha Mzee.

Mnaikumbuka Jumatatu ile, wiki yangu ya mwisho kazini, mlipomwona mama mrefu kwenye korido akiwa na kopo la maziwa ya unga. Nakato alimletea maji. Furaha, aliyekwisha kuwa mtu mzima, alikuwa amepata karatasi za kuhamia nchi ya baridi pamoja na mama yake, na ndege yao ilikuwa Alhamisi. Ndani ya kopo kulikuwa na mbegu zote.

"Ningeweza kushonea kwa pindo," Mama Furaha akasema. "Ile siku ya kwanza nilishonea. Leo nimekuja kukuuliza kwanza."

Niliwaambia ninyi wawili nina kazi ya siku mbili na nikafunga mlango. Mbegu za lakispa ni ndogo, nyeusi, zina magamba na pembe tatu. Nilizimimina kwenye sahani kidogo kidogo, nikazipitia moja moja chini ya hadubini kwa kibano, nikiondoa kila chembe ya udongo na kila kipande cha jani. Yeye alikaa kwenye kiti cha pili. Tulizungumza kidogo, habari za friji ya yule jirani, habari za mama yake. Jumanne alasiri, katika sahani ya mwisho au iliyo kabla yake, niliona punje isiyo na pembe. Ilikuwa pupa. Nilimwonyesha. Akasema, "Naye alitaka kusafiri."

Niliitoa, nikaiweka kwenye kopo la kufugia. Nikaandika cheti cha afya kwa mbegu zilizobaki, na sijawahi kusaini karatasi kwa uhakika kama ule.

Nilimsindikiza hadi getini. Alinipa mkono kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, "Sasa Jumamosi utaenda wapi?"

Alisema atapiga simu akipata laini ya huko.

Ijumaa mlinikatia keki. Niliondoka na kopo lile la pupa ndani ya mkoba, jambo ambalo si ruhusa, na ninaliandika hapa ili liwe limeandikwa. Nyumbani kwangu ni vyumba viwili, nililiweka dirishani. Asubuhi nililitazama kabla ya chai. Jumamosi ya kwanza nilivaa viatu vya mpira, nikafika hadi mlangoni, nikavivua. Jumamosi ya pili nilishuka hadi shambani. Mwenye ardhi alikuwa amemwaga kokoto na kuanza kuchimba msingi. Sikukaa.

Inzi alitoka Jumapili, siku kumi na mbili tangu nimpate, na sikujua alishalala siku ngapi kabla ya hapo. Mweusi wa kijivu. Jike, na mnajua kwamba jike hatupi jina la uhakika. Nilikaa naye siku nzima. Nilijaribu kufikiri ni wapi Kampala kuna jani analoweza kulila, kwenye bustani yoyote, kilima chochote, na sikupajua. Alasiri nilimweka kwenye spiriti.

Jumatatu niliwaletea. Ninyi mlikuwa shambani. Mlinzi wa getini ni mpya, aliniomba nijiandikishe kwenye daftari la wageni na kutaja ninayekuja kumwona. Niliandika majina yenu. Nilipanda hadi chumbani, nikamweka mahali pake, nikajaza lebo kwa wino, kama kawaida. Mahali: Lubaga. Mmea: lakispa, kati ya mbegu. Aina: haijathibitishwa. Kwenye mstari wa mkusanyaji sikuweka jina langu. Niliandika la Mama Furaha, lile kamili la kwenye karatasi za ukimbizi, kwa herufi ndogo sana ili litoshe. Anwani sikuiandika. Bado hajapiga.